Kundi Lisiloguswa

Saa moja na robo asubuhi, Chiromo,
navaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni
na kuwasalimu. Ndiyo, huwa nawasalimu.
Panya thelathini na sita, weupe kama unga wa mahindi,
macho kama punje za komamanga.

Kundi la kwanza tunalitia mrijani, kila mmoja na mrija wake.
Nusu saa. Mrija una matundu ya kupumulia
lakini hauna mahali pa kugeukia.
Hapo homoni hupanda, na hakuna wa kushangaa:
tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia
humwaga kotikosteroni ndani ya damu,
na testosteroni,
ambayo Daktari Nzilani huitaja polepole
kama anayetaja jina la marehemu,
hushuka siku ya nne, siku ya tano hushuka tena.

Kundi la pili haliguswi.
Tumeliweka nyuma ya kioo chenye vitundu
lione, linuse, lisikie.
Chakula kipo. Maji yapo. Mkia haujabanwa.
Mwaka wangu wa kwanza niliwaita wenye bahati.

Kisha nikaizungusha damu yao kwenye mashine,
nikanyonya maji yaliyoelea juu, rangi ya nyasi kavu,
nikasoma namba.
Nikasoma tena, nikidhani nimechanganya chupa.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.
Panya hana maji ya kutia.
Ana damu tu, basi huilowesha hiyo.

Kwetu Kangemi, ploti ya milango kumi na miwili,
kila tarehe tano Barasa hupita
na mnyororo uliojaa makufuli.
Mimi hulipa tarehe mbili. Risiti naibandika nyuma ya mlango.
Sijawahi kufungiwa.
Lakini nazijua hatua zake kwenye saruji,
najua anaposimama, anavyokohoa kabla ya kugonga,
na ule mlio, kach,
kufuli likiuma komeo la mtu mwingine.
Mwezi wa Tatu lilikuwa komeo la Mama Khavere:
watoto nje, uji ndani, jiko linawaka,
mpaka uji ukaungua
na harufu ikapenya mabati ikanikuta kitandani.
Mwezi wa Nne, mlango wa saba.
Mwezi wa Tano, wa tisa.
Mimi ni wa kumi.

Tangu Mwezi wa Tatu sijaziona siku zangu.
Si mimba. Nimepima mara mbili,
mara ya pili kwa kipimo kilichopitwa na tarehe.
Nesi aliniuliza, "Kuna kitu kimekupata?"
Nikamjibu, na ulikuwa ukweli mtupu, "Hapana."

Jana Daktari Nzilani aliniita.
Kundi la tatu, lile la kulinganishia,
lisiloona mrija wala kunusa aliye mrijani,
linalokaa peke yake mwisho wa korido,
nalo limepanda.
Si kila siku. Tarehe tano. Tarehe sita.
"Kwamboka, nini kinaingia mle?"
Feni? Wajenzi wa ng'ambo ya ukuta?
Mlinzi na redio yake?
Akaziandika sababu zote ubaoni kwa chaki ya bluu
huku mimi nikiitazama mikono yangu.
Nilikuwa nimeiosha. Huwa naiosha mara tatu,
hadi kwenye viwiko.

"Mle huingia mimi," nikasema. "Peke yangu."
Hakuiandika hiyo.

Leo ni tarehe tano.
Nimefika mwisho wa korido, funguo mkononi,
na kabla sijafungua nimejisikia nikikohoa.
Nimesimama.
Nimevua viatu, nikavishika kwapani
kama anayeingia nyumba ya msiba usiku.

Ndani, mchakacho wa maranda
ulikuwa umekwisha kunyamaza.